Mgogo Aliyedaiwa Kuomba Damu

Mama yangu,

Shikamoo. Nawasalimu Kigogo, mbukwenyi, wote mlioketi hapo, na wewe Mwinjilisti Lameki unayenisomea, pole kwa kazi. Kunywa maji kwanza maana barua ni ndefu. Mimi mwanao Yona ni mzima. Nakula, nalala, na miguu yote miwili inafanya kazi. Kabla ya yote nataka kujua habari za goti lako, kama sasa linakubali kukunjika, na kama mvua imewafikia huko Mlali au imepita juu kwa juu ikaenda kunyesha kwa wenzenu wa Kibakwe kama kawaida yake. Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Kama amekufa usinifiche.

Barua yako nimeipata. Nilianza kuisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nimecheka na nimeumia, vyote kwa pamoja. Unasema karatasi ya gazeti ilifika kijijini imefungiwa dagaa, ina picha yangu nimekenua meno, na chini yake wameandika kwamba Mtanzania huko Italia akimbia kwa damu ya mtu. Sehemu iliyobaki ilichanwa ikafungiwa dagaa wa mtu mwingine. Basi kwa hicho kipande tu, kijiji kizima kimeshajua kwamba mimi ni mumiani. Ukifika bombani wanawake wanavuta ndoo zao. Watoto waliozoea kuja kwako kula ukoko wanaitwa nyumbani jua likiwa bado kali. Na kubwa kuliko yote, Mama Yeremia, jirani yako tangu sijazaliwa, ambaye kinu ni chako na mchi ni wake, amekuja akachukua mchi wake kimya kimya, hata hodi hakupiga. Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Sasa unatwangia nini?

Halafu wewe mwenyewe, mwisho wa barua, umeniuliza kama ni kweli nimenunua damu, je, nilihakikisha ni ya mtu mwenye afya. Mama, nimekushukuru sana. Nimeona kwamba kwako hata nikiwa mumiani nitakuwa mumiani wa kuangaliwa asije akapata magonjwa.

Kwa hiyo barua hii isisomwe chumbani. Isomwe hapo uani, Jumapili baada ya ibada, watu wakiwepo, na Mama Yeremia aitwe apewe kigoda cha mbele. Mwinjilisti, toa sauti, usisome kama unatangaza ndoa. Nitaeleza yote yalivyokuwa, na atakayebaki na swali aniandikie mimi, asiliulizie bombani.

Nianze na huyu Luvanda, maana bila yeye kusingekuwa na kesi. Mnakumbuka lile shirika nililokuwa nafanyia kazi Dodoma mjini lilipouzwa. Mwenye mali mpya akasema anahitaji mashine, hahitaji timu ya riadha, nasi wakimbiaji tukaambiwa tushukuru viatu hatunyang'anywi. Ndipo akatokea wakala mmoja Mwitaliano akitafuta watu wa mbio ndefu. Akanichukua mimi kutoka Dodoma, akamchukua Filbert Luvanda kutoka Iringa, akatuweka chumba kimoja katika mji mdogo ulioegemea milima. Mgogo na Mhehe chumba kimoja. Maskini, hakujua alichokifanya.

Nyie mnajua mambo haya. Babu zao na babu zetu walichomana mikuki mpaka wakachoka, sisi wajukuu tukaachiwa utani. Tangu asubuhi ya kwanza hatukusalimiana kama watu. Mimi nikiamka namuuliza kama amemwona mbwa wa mwenye nyumba, na kama ameshamla basi atubakizie hata mguu. Yeye akiniona nimenyoosha mkono kuchukua taulo ananiambia, "Leo sina chenji babu, Mungu akujalie." Sisi tunawasema Wahehe kwa kula mbwa, yeye anatusema sisi Wagogo kuwa ni ombaomba, wimbo wao ni ule ule miaka yote. Tunacheka, tunafunga kamba za viatu, tunaenda kukimbia.

Na huyu bwana ana jambo moja la ajabu. Neno "naomba" halimtoki mdomoni. Anasema hilo ni neno la Kigogo, kwao halipo. Mezani hasemi naomba chumvi, anasema, "Chumvi isogee." Akiumwa hasemi naomba dawa. Anasema, "Kichwa kinauma," kisha ananyamaza mpaka uelewe mwenyewe. Nimeishi naye muda wote huu sijamsikia akiomba kitu, hata kwa wakala wetu, hata kwa Mungu. Akisali ni shukrani tupu.

Sasa mashindano yenyewe. Yalikuwa marathoni ya mji mmoja wa huku, siku ya manyunyu na baridi. Mama, nilishinda. Niliwaacha Wakenya wawili, nikamwacha na Mwitaliano mmoja ambaye ukoo wake wote ulikuwa umejipanga barabarani unampigia kengele za ng'ombe. Ndiyo desturi yao watu wa milimani, wanashangilia kwa kengele za ng'ombe. Mimi nilipozisikia niligeuka kutazama ng'ombe wametorokea wapi. Ndiyo maana kwenye ile picha ya dagaa shingo yangu imepinda.

Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni maji. Wanapanga meza za maji njiani, mkimbiaji anachukua kikombe, anapiga funda moja, kinachobaki anamwaga. Barabara nzima ni maji yaliyomwagwa. Mimi nilichukua kikombe, nikapiga funda, mkono ukakataa kumwaga. Nyie mnaopanga foleni bombani mtanielewa. Nikakimbia nacho hivyo hivyo, nimekishika kama natoka nacho kisimani, mpaka nikamwona bibi mmoja amesimama mlangoni kwake nikamkabidhi. Alipokea kwa mikono miwili, nadhani alifikiri ni sehemu ya mashindano. Meza zote zilizofuata nilizipita bila kuzitazama. Nikafika mwisho nimekauka kama mlenda wa kiangazi.

Pale mwisho, kabla hata ya kupewa kikombe cha ushindi, wakanitoa damu. Msishtuke, siku hizi huku ndivyo ilivyo, kila anayeshinda anatiliwa shaka. Kuna watu wanaiba mbio kwa damu. Mtu anatolewa damu yake mapema, inawekwa kwenye friji kama soda, na mashindano yakikaribia anarudishiwa mwilini. Asiye na subira anawekewa ya mwenzake. Kazi ya damu ni kubeba pumzi kuipeleka miguuni, kama punda wanavyobeba madumu kutoka bondeni. Ukiongeza punda, maji yanafika mengi. Basi ndio wizi wenyewe huo. Na unafanya kazi, nisiwafiche, maana kuna watu tunapanda nao mlima sisi tunahema kama mivukuto na wao wanaongea habari za chakula cha jioni.

Damu yangu ikaonekana nzito kupita kiasi. Daktari wa chama chao cha riadha, mzee mwembamba asiyecheka, akaitikisa chupa, akaniangalia, akaitikisa tena. Ushindi wangu ukawekwa kiporo. Wakala wetu akanieleza bila kunizungusha kwamba ikithibitika nimeongezewa damu, nafutiwa ushindi, nafungiwa kukimbia, narudishwa nyumbani, na jina langu linatangazwa nchi zote. Nilifikiria jina lenyewe ni la baba, na baba hayupo wa kulitetea. Usingizi ukawa wa kubahatisha.

Wakaja kutuhoji chumbani. Alikuja karani wa chama pamoja na mkalimani, dada mmoja Mwitaliano anaitwa Paola, aliyejifunza Kiswahili Unguja kwenye hoteli mojawapo ya zile mpya za watalii. Kiswahili chake kizuri sana, cha "karibu tena" na "pole kwa safari". Ila utani hakuwahi kuuona, na angeuona wapi, mtalii huwezi kumtania ukabaki na kazi. Mimi nilikuwa nafua soksi, Luvanda anasonga ugali. Paola akamuuliza kwa adabu, "Samahani kaka, je, unafahamu kama Bwana Yona amewahi kupewa damu ya mtu mwingine?"

Luvanda hakugeuka hata. Akaendelea kusonga. "Huyu?" akasema. "Huyu si Mgogo? Hawa watu wanaomba kila kitu. Ameniomba sabuni nikampa. Ameniomba soksi nikampa, ndizo hizo anazofua. Juzi akaniomba damu. Nikamwambia, leta kikombe."

Paola akaandika. Kisha akanigeukia. "Kaka Yona, ni kweli?"

Mama, hapo nilitakiwa kusema hapana. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema hapana. Lakini mtani akishatupa neno, hapana si jibu, hapana ni kushindwa. Unatafuta tusi kubwa kuliko lake. Kichwa kilikuwa bado kinafikiri, mdomo ukatangulia: "Damu ya Mhehe niipeleke wapi? Si ningefika mwisho nabweka?"

Luvanda alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Mimi nikacheka. Paola hakucheka. Aliandika maneno mengi kuliko tuliyosema sisi, akatushukuru, akatutakia siku njema, wakaondoka. Baadaye ndipo tukajua alichoandika: kwamba mwenzangu amekiri kunipa damu, na kwamba mimi sikukanusha ila nililalamikia madhara yake kwenye sauti.

Habari zikavuja magazetini huku, zikavuka bahari, zikafika kwenye hayo magazeti mapya ya kwetu ambayo kila siku yanaota kama uyoga, na mengine mmeyaona kwenye dagaa. Wakala alipotuonyesha gazeti la huku lenye picha yangu, damu ilinipanda, hiyo hiyo nzito. Nikamwambia Luvanda tusisemeshane. Nikahamishia godoro langu upande wa dirisha.

Mnajua alichonijibu? "Umekasirika? Mtani hakasiriki. Faini jogoo."

Nilitaka kumpiga na kiatu. Lakini sheria ni sheria, hata wewe Mama usingekubali niikimbie. Nikaenda dukani. Huku kuku wanauzwa wameganda kama jiwe, hawana kichwa wala miguu. Nikamletea. Akamgeuza huku na huku, akamweka mezani. "Hii ni faini au ni ajali?" akasema. "Jogoo asiye na kichwa nitajuaje kama ni jogoo?" Nikamwambia amkubali hivyo hivyo, maana akinirudisha tena dukani nitapanda ndege moja kwa moja. Akaniangalia, akaona sicheki. Akaketi kitandani kwake.

"Yona," akasema, "kwani wanaweza kukufungia kweli?"

"Kweli."

"Kwa maneno yangu yale?"

"Kwa yako na yangu."

Akamtazama yule kuku mezani. Kisha akasema ataenda kuwaambia ulikuwa utani. Nikamwambia akawaambie bila utani ndani yake. Akasema atajaribu. Nikamwambia, "Luvanda, usijaribu. Nina mama."

Siku ya baraza la chama la kusikiliza kesi tulikwenda tumevaa tai za kuazima. Meza ndefu, mwenyekiti katikati, karani upande mmoja, yule daktari asiyecheka upande mwingine, Paola pembeni yetu. Paola akanionea huruma, akawa ananimiminia maji kwenye glasi. Na pale hapakuwa na pa kumwaga, kwa hiyo kila glasi niliimaliza. Alipojaza nikanywa, akajaza nikanywa, mpaka jagi likaisha akaenda kuleta lingine.

Luvanda akasimama. Alianza vizuri. "Waheshimiwa," akasema, "yale niliyosema hayakuwa kweli. Ulikuwa utani."

"Kwa hiyo ulimdanganya karani wetu," mwenyekiti akasema.

"Hapana, sikudanganya."

"Basi ni kweli ulimpa damu."

"Si kweli."

"Si kweli, na hukudanganya."

"Ndiyo mzee. Ndio utani huo."

Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza ni nani amempa mtu huyu ruhusa ya kumsingizia mwenzake. Luvanda akasema, "Babu yake alimuua babu yangu." Paola alisita, kisha akatafsiri. Karani akaacha kuandika. Mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini hayo yalitokea lini. Luvanda akajibu kwamba ni zamani, kabla ya Wajerumani kuja.

"Kwa hiyo nyie ni maadui."

"Tungekuwa maadui tusingelala chumba kimoja," Luvanda akasema. "Huyu nikifa leo ndiye atakayekuja msibani kunitukana."

"Msibani?"

"Msibani hasa."

Mwenyekiti akamgeukia Paola kuona kama ametafsiri sawasawa. Paola akainua mabega. Niliona kesi inazama mbele ya macho yangu, na aliyekuja kuniokoa ndiye aliyeongeza mauaji juu ya damu. Nikasimama nami, nikasema kwa Kiitaliano changu kibovu kwamba sijawahi kuwekewa damu ya mtu yeyote, wala yangu mwenyewe, na kwamba kama wana njia ya kuhakikisha basi mkono huu hapa.

Daktari hakuwa amesema neno tangu tuingie. Akainuka. "Mikono yote miwili," akasema. "Wa huyu na wa yule." Akatupeleka chumba cha pili, akatutoa damu mimi na Luvanda, akaondoka nazo kwenda hospitali yake ambayo ilikuwa ng'ambo ya barabara. Tukasubiri. Nilimwona Luvanda midomo inacheza, nadhani alikuwa anasali, na safari hii sidhani kama zilikuwa shukrani tupu.

Daktari akarudi na majibu mawili. La kwanza, damu yangu haikuwa nzito tena, ilikuwa ya kawaida kabisa. Akaniuliza siku ya mbio nilikunywa maji kiasi gani. Nikamweleza habari ya kikombe na yule bibi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akawaeleza wenzake kwamba mtu akikauka kiasi hicho damu inakuwa nzito yenyewe, haihitaji wizi. Jibu la pili, damu yangu na ya Luvanda ni za makundi tofauti. Yangu ni O, yake ni A. "Kama huyu angewekewa kikombe kimoja cha damu ya yule," akasema, "asingemaliza mbio. Angebebwa."

Hapo Luvanda akashindwa. Ile ahadi ya kujaribu kutotania ikamtoka. "Mnaona waheshimiwa? Hata damu yangu yenyewe haimtaki."

Safari hii Paola alicheka. Mwenyekiti akamuuliza amesema nini, akakataa kutafsiri.

Ushindi wangu ukarudishwa pale pale na kikombe nikapewa, kikubwa cha kutosha kupimia mtama. Daktari akaniagiza nikikimbia ninywe maji, na kama kumwaga kunaniuma basi ninywe yote. Magazeti ya huku yaliandika kwa herufi ndogo kwamba sina hatia. Ya kwetu sijui. Labda yaliandika na dagaa wake hawajafika Mlali.

Mngedhani imeishia hapo, hata mimi nilidhani hivyo.

Baada ya hayo tulikuwa mazoezini asubuhi, tunateremka mlima, Luvanda mbele mimi nyuma. Kwenye kona akatokea mtu na pikipiki. Akamkumba Luvanda, akamtupa kwenye vyuma vya ukingo wa barabara, paja likafunguka. Nikavua fulana nikaufunga mguu, nikakaza, damu ikawa inapita tu kati ya vidole vyangu. Mama, hapo sikuwa na utani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye baraza. Nikamwita, "Filbert, Filbert," jina ambalo sijawahi kumwita tangu tufahamiane.

Akafumbua jicho moja. "Usiniite hivyo," akasema. "Nitadhani nimeshakufa."

Tukafikishwa kwenye hospitali ile ile ya yule daktari. Ilikuwa kipindi cha likizo. Huku joto likizidi mji wote unahamia baharini, na wanaojitolea damu wanahamia nao, akiba ya hospitali ilikuwa imebaki kidogo na ya kundi lake ndiyo iliyokuwa inaisha. Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati, maana kwetu ukimleta mgonjwa anayetoka damu unakunja mkono, huulizi. Nesi akaniambia haiwezekani, mtu aliyetoka nchi yenye malaria damu yake haipokelewi. Daktari akamsikia. "Katika nchi hii," akamwambia, "hakuna damu iliyochunguzwa kama ya huyu. Mlaze."

Akanieleza kwamba A haiwezi kuja kwangu, lakini O inaweza kwenda kwake. Njia ni moja tu, kutoka kwa Mgogo kwenda kwa Mhehe. Nikalala, nikaitazama inavyojaza mfuko, kisha nikautazama mfuko unavyopelekwa kwake.

Sasa sikilizeni vizuri hapo uani, na Mama Yeremia sogea. Mumiani anachukua damu. Mimi nilitoa. Niliitoa mchana, mlango wazi, nesi ananipa biskuti. Mwenye kusema mwanao anakimbia na damu ya mtu amekosea mtu. Mwenye damu ya mtu ni Luvanda, na damu hiyo imetoka Mlali.

Kesho yake nikaenda kumwona. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti yake anamsumbua nesi. Naomba maji. Naomba mto mwingine. Naomba dirisha lifunguliwe. Naomba lifungwe. Nilisimama nje nikafikiri nimekosea chumba. Nilipoingia akanikazia macho kama mtu aliyeibiwa.

"Yona," akasema, "umenifanya nini? Tangu hiyo damu yako iingie nimeshindwa kuacha kuomba."

Tulicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele na nesi akaja kutufokea. Kisha akanishika mkono kwenye kiwiko, pale pale ilipokuwa imeingia sindano, hakuniachia mpaka aliposinzia. Nilibaki nimeinama hivyo, mgongo unaniuma, nikampenda yule Mhehe kama ndugu yangu wa tumbo moja. Nalisema wazi mbele yenu wote, na huku kwake sijalisema.

Daktari amemkataza kushindana mpaka damu yangu iishe mwilini mwake, na imebidi chama kiandikiwe rasmi kwamba Filbert Luvanda ana damu ya mwenzake. Paola ndiye aliyekuja kutusomea nakala ya barua hiyo. Alianza kucheka kabla hajafungua bahasha.

Ila Mama, lipo jambo linanisumbua, na nataka uwaulize wazee. Zamani watu wakichanjiana damu walikuwa ndugu, na ndugu hawatukanani. Sasa Luvanda kwangu ni mtani au ni ndugu? Kama ni ndugu, habari ya mbwa nimeshanyang'anywa, na yeye amenyang'anywa habari ya kuomba, na sijui huko chumbani tutaongea nini. Kwa sasa tunatukanana kidogo kidogo, kwa tahadhari, tukisubiri jibu lenu.

Nisalimie mjomba anayelinda ghala, asinione kimya. Nisalimie shangazi wa kwaya, hapa nikiamka bado nasikia sauti yake ya kwanza. Nisalimie mke wa kaka, na huyo mtoto wao aliyezaliwa mimi nikiwa huku, mwambieni baba yake mdogo si mumiani, atakapoanza kuelewa. Mwinjilisti Lameki, ahsante, umesoma vizuri, sasa kaa. Na Mama Yeremia nakusalimu kwa heshima zote. Ulinibeba mgongoni mama akiwa shambani. Rudisha mchi.

Mimi mwanao nikupendaye, mwenye damu ya kawaida,
Yona

Mama shikamoo. Kalamu nimeichukua mimi, Luvanda. Yona yuko jikoni anakata vitunguu, machozi yanamtoka na anasingizia vitunguu. Naomba unga wa uwele. Naomba na mlenda ule wa kuanika, anausifia mpaka ananiudhi. Naomba huyo mama jirani arudishe mchi, la sivyo huo unga hautapatikana. Wazee wakisema mimi ni ndugu, naomba uniite mwanao. Wakisema mimi ni mtani, naomba uniite hivyo hivyo. Usinishangae kwa kuomba kwingi. Mimi siombi kitu, hiyo ni damu ya Yona.